Korongo Mmoja, Korongo Moja

Nikiikumbuka siku ile, huwa inaanza na weupe. Si weupe wa chokaa wala wa jua la mchana. Ni weupe wa maziwa yaliyotiwa maji, umesimama kimya nje ya dirisha la gari, nami ndiyo kwanza nafumbua macho, nimekumbatia sufuria ya pilau kama mtoto wa mtu niliyeachiwa nimshike. Nilidhani nimekufa. Jambo la kwanza nililolifanya baada ya kufa lilikuwa kuhesabu sufuria zangu. Zilikuwepo zote. Nikahesabu tena, maana sikuwajua wenyeji wa huko nilikofika. Zote. Hapo nikajua bado nipo duniani, kwa sababu sijawahi kusikia mtu aliyevuka ng'ambo pamoja na vyombo vyake.

Lakini kabla ya weupe kulikuwa na wekundu. Karatu ya miaka ile, miaka ya tisini inakwisha na lami bado ni uvumi, ilikuwa mji mwekundu. Vumbi lilikuwa kwenye kanzu ya padri, kwenye manyoya ya kuku, kwenye sukari. Magari ya watalii yalipita kuelekea Ngorongoro yakiacha nyuma wingu jekundu lililochelewa kutua, na ndani yake sisi wenye biashara tulionekana na kupotea, tukapotea na kuonekana, kama watu wa kwenye ndoto ya mtu aliyelalia mkono. Nilikuja pale kutoka Kilimanjaro nikafungua hoteli jirani na ukumbi wa kanisa. Nikisema hoteli usifikirie vitanda. Ni mabenchi, meza zenye vitambaa vya plastiki, na mimi.

Ukumbi ule ulikodishwa kwa mikutano, na mikutano hula. Nimelisha mikutano ya ukimwi, ya ushirika, ya walimu, ya wafuga nyuki. Mtu akiniuliza mkutano fulani ulihusu nini nitamwambia kama walipenda ndizi au wali. Ila mmoja tu nauelewa kuliko hata waliouitisha, nao ni ule wa watafiti wa maliasili na maofisa ugani. Huo niliuelewa kwa sababu ya mwanamke mmoja wa kijiji cha Endabash.

Mwanamke huyo alikuwa Mwiraqw, mjane, na ndiye aliyeniuzia ngwara, yale maharage meusi ambayo bila hayo hoteli yangu ingekuwa benchi tu. Nilimwita aayo, yaani mama kwa lugha yao, kwa kuwa alikuwa na umri wa mama yangu na ukali wake wote. Yeye aliniita Mchaga, basi, kana kwamba tuko mmoja tu duniani. Biashara yetu ilikuwa hivi: anafika siku ya mnada, anapindua debe lake tupu, analikalia, anatazama mbinguni. Mimi nataja bei. Anaendelea kutazama mbinguni. Nataja bei nyingine. Anasema, "Mchaga, mbona leo kuna mawingu mazuri?" Nimeshindana na madalali wa Arusha, nimeshindana na Wakenya, lakini sijawahi kumshinda mtu anayetazama mawingu.

Siku moja alikalia debe na hakutazama juu. Alitazama chini, kati ya miguu yake. Nilitaja bei ya chini kabisa, ya kumchokoza, akasema, "Sawa." Nikaogopa.

"Aayo, unaumwa?"

"Korongo," akasema. "Limefika jikoni."

Nililijua korongo lile kwa kusimuliwa. Mwanzoni lilikuwa mfereji ambao mbuzi aliuruka bila kusimamisha maongezi yake. Zikaja mvua za El Nino, mfereji ukawa shimo, shimo likawa bonde lenye kuta nyekundu, likapanda kutoka chini likila mahindi, likala kona ya zizi, na sasa lilikuwa nyuma ya jiko lake. "Nikimwaga maji ya kuoshea vyombo," aliniambia, "nasikia yanavyoanguka."

Maji yaliyolilisha korongo yalitoka juu, kwenye njia ya ng'ombe wa mzee jirani yake. Ng'ombe wa mzee yule walishuka mlima wima kwenda mtoni tangu enzi za baba yake, na njia yao ikawa mfereji. Dawa ilijulikana: mtaro mmoja uchimbwe ukingoni mwa shamba la mzee, uyakamate maji na kuyapeleka pembeni, kwenye bonde la majani. Ulihitaji kipande chembamba tu cha ardhi yake. Mzee akakataa. Bwana shamba wa kata, mtu mpole mwenye pikipiki isiyo na breki, alimbembeleza mpaka akachoka. Mwishowe, mbele ya mkutano wa kijiji, mzee akasema neno lake: "Huyu bwana shamba ni mtoto, hanisomeshi. Waje wataalamu wenyewe, wasimame pale, waniambie kwa vinywa vyao kwamba ni ng'ombe wangu. Wakiniambia, natoa ardhi. Wasipokuja kabla ya mvua, tusisumbuane tena."

Neno likishasemwa mbele ya watu, kule, halirudi mfukoni. Aayo alilishika kama mtu aliyeshika mkia wa ng'ombe akivuka mto. Na mvua za masika zilikuwa zinanusa mlangoni.

Ndipo bwana shamba akahangaika mpaka korongo likaingizwa kwenye ziara ya mkutano ule. Siku moja tu, ile ya pili, kabla wageni hawajatawanyika makwao. Kwa hiyo watu wale walipokuja na mabegi yao kutoka Morogoro, Dodoma, Tanga na kwingineko, wao walikuwa na ajenda ndefu. Mimi nilikuwa na ajenda moja: wakanyage Endabash kabla jua halijazama.

Siku ya kwanza niliwasikiliza kupitia dirisha la jikoni. Yalikuwa maneno ya kupendeza. Kila mtu alikuwa mdau. Ng'ombe alikuwa mdau, msitu ulikuwa mdau, nikaanza kujiuliza kama na mimi niliyekuwa natoa supu ya kongoro ni mdau au ni huduma tu. Walibandika karatasi kubwa za manila ukutani, wakachora mishale kwa rangi, na upepo wa Karatu ukazibandua moja moja, zikashuka taratibu kama majani makubwa, watu wakiendelea kuongea. Umeme ulikatika katikati ya picha za slaidi. Ukumbi ukawa giza la mchana, na sauti ya mtoa mada ikaendelea kueleza picha ambayo hakuna aliyeiona: "Hapa mnaona wazi jinsi udongo ulivyopotea." Hakuna aliyebisha.

Jioni mwenyekiti akasimama akatangaza: "Ndugu wadau, kesho tutatoka kwenda kuona korongo." Wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga, nikiwa na mwiko mkononi.

Sasa tazama Kiswahili kilivyotutenda. Korongo ni bonde lililochimbwa na maji. Korongo ni ndege pia, yule mrefu, mwenye taji la manyoya ya dhahabu kichwani, anayetembea kama mkaguzi wa shule. Ukiongeza neno dogo tu huwezi kupotea: korongo kubwa ni shimo, korongo mkubwa ni ndege. Mwenyekiti hakuongeza. Alisema kuona korongo, akaketi.

Asubuhi nilipakia sufuria zangu nyuma ya Kosta iliyokodiwa, nikajibana katikati yake. Nilikuwa nimeamka kabla ya jogoo wote wa Karatu, na joto la pilau likanipanda mwilini kama blanketi. Nililala kabla gari halijawashwa. Yaliyofuata niliyaunganisha baadaye kwa kuuliza huyu na yule.

Dereva, kijana wa Arusha aliyezoea watalii, aligeuka akawauliza abiria: "Wazee, korongo ndiyo tunafuata leo?"

Kwenye kiti cha mbele alikaa profesa wa ndege, mtu mzima mwenye sweta la kijani na darubini shingoni. Akasema, "Ndiyo. Korongo."

"Kule juu?"

"Kwani kwingine wapi?"

"Wako wengi au mmoja?"

Na katikati ya gari, bwana mifugo kutoka Nainokanoka ya Ngorongoro, Mmasai mrefu aliyejifunza Kiswahili darasani na kukinyoosha mwenyewe njiani, mtu ambaye kwake kila kitu duniani ni iko, akajibu kwa uhakika: "Iko moja kubwa."

Gari likaondoka. Wataalamu wa udongo walikuwemo humo humo, na kila mmoja alidhani mwenzake anaijua njia, ndivyo wasomi wanavyosafiri. Kwenye geti la hifadhi ya Ngorongoro profesa alitoa kibali chake cha utafiti, askari waliokuwa wakimfahamu wakainua mti, nyani wakatazama, tukapita. Wangenihesabu na mimi wangeona ni mzigo.

Basi ndiyo nikaamkia kwenye weupe.

Nilishuka nikipapasa. Tulikuwa ukingoni mwa kreta, pale wanapopigia picha, lakini kreta haikuwepo. Lilikuwepo wingu. Lilikuwa limelala juu ya Ngorongoro nzima, limejaa hadi ukingoni kama uji kwenye bakuli, na baridi yake ilikuwa na harufu ya majani na moshi wa mbali. Wageni wote walikuwa wameyeyuka humo ndani. Nilisikia sauti zao tu, hazina miili.

"Korongo yuko wapi?"

"Liko wapi."

"Nani anasema liko?"

"Mimi, wa udongo. Korongo si liko?"

"Liko kwani ni jiwe? Yuko! Huyu ni kiumbe!"

"Kiumbe gani tena, ndugu? Mimi nimebeba pima maji na kamba."

  Kisha sauti ya bwana mifugo ikatoka kwenye weupe, tulivu, ya mtu asiyeona tatizo: "Iko hapa chini, nawaambia. Shimo kubwa kabisa. Iko na tembo ndani."

Kwake yeye korongo lilikuwa kreta yenyewe.

Watu walianza kucheka, kicheko kikisafiri ndani ya wingu kutoka kwa mtu asiyeonekana kwenda kwa mwingine asiyeonekana. Mimi sikucheka. Akilini nilimwona aayo amekaa juu ya debe lake Endabash, na mzee amesimama na fimbo, na jua linatembea. Sikuweza hata kuliona jua lenyewe nijue limefika wapi. Simu ya kumpigia haikuwepo. Miaka ile ukitaka kumwambia mtu wa Endabash neno, unakwenda Endabash.

Nilimpapasa profesa kwa sweta lake. "Baba, turudi. Kuna watu wanasubiri."

Akasema kwa upole, bila kugeuka, kama anaongea na wingu: "Mama, linafunguka muda si mrefu. Nimekuja hapa miaka mingi. Wapo chini pale, kando ya maji, na msimu huu wanacheza. Tupe hadi mchana. Tutakula hapa hapa."

"Hamtakula hapa."

"Si chakula kiko kwenye gari?"

"Kiko kwenye gari, lakini kinafunguliwa Endabash."

Dereva akajitokeza mbele ya pua yangu. "Mama, tulia basi. Pilau ni pilau tu, halijui liko wapi."

"Pilau langu linajua. Na wewe ndiyo utakuwa wa mwisho kupakuliwa."

"Dah. Mama kauzu huyu."

Nilirudi nikakaa juu ya sufuria. Sio mfano wa maneno, nilizikalia. Ndivyo nilivyojifunza kwa aayo: anayekaa hashindwi haraka. Wakaja mmoja mmoja kutoka kwenye wingu, wamekunja mikono kwa baridi, wakitaka angalau chai. Chai niliyokuwa nayo kwenye chupa kubwa ilikuwa mali halali ya mapumziko ya asubuhi, sikuweza kuizuia. Profesa akaja pia. Hapo tukapatana kama watu wazima: wingu likifunguka hata mara moja, au chai ikiisha, chochote kitakachotangulia, gari linageuka.

Nikamimina. Nilijaza vikombe mpaka kwenye mdomo, ukarimu ambao wateja wangu wa Karatu hawajawahi kuuona kwa macho. Aliyemaliza nilimwongeza kabla hajaomba. Bwana mifugo aliniangalia, akatabasamu, akaleta kikombe tena. "Yeyo," aliniambia, ndivyo wanavyomwita mama kwao, "hii chai iko na haraka." Naye akanisaidia kuinywa kama anayezima moto.

Na hapo, chupa ikiwa imebaki tone, wingu likafunguka.

Sijui nitalielezaje. Halikuondoka, lilipasuka tu, kama mtu anavyosogeza pazia achungulie mgeni. Chini kabisa, chini kuliko nilivyodhani ardhi inaweza kwenda, kulikuwa na nchi nyingine. Ilikuwa na jua lake. Ilikuwa na ziwa lenye ukingo wa waridi, na majani ya rangi ya simba, na vidoa vyeusi vilivyokuwa vinasogea au vilikuwa vimesimama, sikujua. Hakuna sauti iliyopanda. Tulisimama ukingoni na vikombe vyetu, wenye udongo na wenye ndege na mwenye pilau, na hakuna aliyesema mdau.

Profesa akanivalisha darubini yake shingoni. "Pale, kulia kwa maji. Wawili. Unawaona? Mmoja anainama, mwenzake anaruka."

Niliona vitu viwili vya kijivu. Kimoja kiliinama. Au darubini ndiyo ilisogea. Kingine kikainuka, kikafungua kitu cheupe, kikatua polepole sana, kana kwamba hewa ya kule ni nzito kama asali. "Wanacheza," alinong'ona, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. Nikahesabu: wawili. Nikahesabu tena, pazia likafungwa. Mpaka leo siwezi kuapa kama niliona korongo au mawe. Lakini huwa nawaona, wakati mwingine nikiwa nimesimama kwenye moshi wa jiko, wanainama na kuruka bila haraka.

"Asante, mama," profesa akasema. "Sasa twende tukaone lako."

Tulishuka. Kutoka kwenye weupe hadi kijani, kutoka kijani hadi wekundu, halafu Karatu yenyewe, ambayo tuliipita bila kusimama, na wateja wangu wakanipungia mkono mbele ya mlango wangu uliofungwa. Njia ya Endabash ilikuwa mbaya kuliko nilivyoikumbuka. Gari lilitembea kama linaomba ruhusa, saa baada ya saa. Mashamba yalikuwa yamelimwa tayari, meusi na mekundu, yakisubiri mbegu, na kwa mbali mawingu ya masika yalijipanga kama watu wa foleni. Wageni walisinzia na njaa zao. Mimi nilikataa kusinzia. Nilitazama kivuli cha gari kikirefuka kwenye ukingo wa barabara, nikakisihi kisirefuke.

Tulipofika, vivuli vilikuwa virefu kuliko nyumba. Aayo alikuwa amekaa juu ya debe, anatazama mawingu. Mzee alikuwa amesimama, amevaa koti la heshima, na bwana shamba alikuwa amemzuia njiani kwa maneno, akimweleza kwa undani ugonjwa wa kwato ambao ng'ombe wa mzee hawakuwa nao.

Mzee akatutazama tukishuka. "Nyinyi ndio wataalamu?"

"Ndio," akasema profesa. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mmechelewa au mmepotea?"

"Vyote, mzee."

Jibu lile lilimpendeza, niliona. Mtu anayekubali kwamba amepotea anaaminika kidogo.

Aayo hakusema salamu ndefu. Alinitazama mimi. "Mchaga, nilijua umeuza wageni wangu."

"Nilipata bei mbaya, aayo, nikawarudisha."

Akainuka, akatuongoza nyuma ya jiko. Korongo lilikuwa pale pale aliposema, hatua chache kutoka ukutani, na katika mwanga ule wa jioni lilikuwa zuri mno, jambo ambalo sitamwambia kamwe. Kuta zake zilikuwa nyekundu kwa chini na za dhahabu kwa juu. Mizizi ya mti uliokwisha kuanguka ilining'inia hewani ikitafuta udongo uliokuwepo zamani. Wageni walishuka ndani, wakawa wadogo, sauti zao zikapanda kwetu zikiwa na mwangwi.

Na wakaanza. Mmoja alisema dawa ni kupanda matete. Mwingine akasema matete bila vizuizi vya mawe ni mapambo. Mwingine akasema mawe hayatasaidia kama hatujui kasi ya maji. Ofisa ugani kutoka Tanga alikuwa na uzoefu wa Tanga. Kisha mmoja, kijana mwenye miwani, akasema yale maneno niliyokuwa nayaogopa tangu Karatu: "Kwa kweli, hapa panahitajika utafiti zaidi."

Mzee akageuka polepole kwa bwana shamba, uso wake umechanua. "Umesikia? Wataalamu wenyewe bado wanatafuta."

Akaanza kuondoka. Bwana shamba akamfuata akianza tena ugonjwa wa kwato, mzee hakugeuka. Mimi nilikuwa na sufuria tu za kuzuia watu, na mzee hakuonekana mwenye njaa.

Aayo akapiga makofi mara moja, kama anayeita watoto kula. "Wageni wangu!" Wakanyamaza kule chini. "Mtaendelea. Nina swali dogo, la mwanamke wa jikoni. Haya maji yanatoka upande gani?"

Hakuna aliyefikiri. Ndani ya korongo, wote kwa pamoja, wa matete na wa mawe na wa Tanga, waliinua mikono wakaonyesha juu, kule kule. Na kijana wa utafiti zaidi pia. Bwana mifugo wa Nainokanoka alionyesha kwa kidevu, kwa heshima, kwa kuwa na yeye ni mtu wa ng'ombe. Mikono yote ile ilisimama kwenye mwanga mwekundu kama miti iliyopigwa na upepo mmoja, na mwisho wake, juu ya kilima, ng'ombe wa mzee walikuwa wanateremka kutoka malishoni kwa mstari, kwenye njia yao, kila mmoja na vumbi lake.

Mzee alitazama mikono. Alitazama ng'ombe. Alimsubiri yule wa mwisho afike chini.

"Na mimi napata nini?" akauliza.

Moyo wangu ukatulia. Mtu akishauliza hivyo, mambo yamefika sokoni, na sokoni ni nyumbani kwangu. Nikajisogeza katikati yao.

"Mzee, unataka nini?"

"Mabua. Akivuna, ng'ombe wangu wale mabua ya shamba lake."

"Ya shamba zima?" Aayo akauliza, akiwa tayari ametazama mawingu.

"Zima."

"Mchaga, mbona leo kuna mawingu mazuri."

"Nusu, mzee," nikasema. "Nusu ya juu, mbali na nyumba. Ng'ombe wakikaribia nyumba wataliamsha korongo tena, na hawa watu wote wataonyesha mikono."

Akacheka, kicheko kifupi cha puani. Alipanda hadi ukingo wa shamba lake, nasi nyuma yake, akachagua mahali, akasimika fimbo yake ardhini kwa nguvu. "Mtaro upite hapa."

Yule mtaalamu wa udongo aliyebeba pima maji, mama wa Morogoro, akapiga magoti papo hapo, akavuta kamba, akafumba jicho moja. Ilichukua muda, mwanga ulikuwa unakwisha, na tulimsubiri kama tunavyosubiri mganga aseme. "Mzee, samahani," akasema. "Hapo maji yatasimama. Sogeza hatua moja upande wako."

Upande wake.  Mzee akaing'oa fimbo, akanung'unika neno la Kiiraqw lililomchekesha aayo, akaisimika tena, hatua moja ndani ya ardhi ya baba yake. Akaiacha pale. Alirudi kwetu akitembea bila fimbo, akionekana mtu mwingine, mfupi kidogo na mwepesi.

Wakati napakua, wakapita juu yetu. Wawili, wanalia ile sauti yao ya tarumbeta iliyoziba, mabawa meupe na meusi, taji limeshika jua ambalo sisi chini tulishalipoteza. Profesa aliacha sahani yake chini akasimama.

"Mama! Korongo!"

Aayo hakuinua hata kichwa. "Hao? Hao ni wezi. Mahindi yakiota tu, wanayang'oa. Subiri hapa mwezi ujao uone ninavyowafukuza kwa fimbo."

"Wanakuja kila mwaka?"

"Sasa mwizi akishaijua nyumba, atakosa kurudi?"

Profesa alikula amesimama, akitazama walikopotelea. Nilihesabu sahani, nikahesabu tena, zikazidi wageni niliolipwa kuwalisha, na nikaacha hivyo.

Mtaro ulichimbwa wiki zile zile, na kijiji. Mvua ya kwanza kubwa ilinikuta Endabash, nimefuata ngwara. Tulikimbilia jikoni, aayo na mimi, mabati yakawa ngoma moja ndefu isiyo na mwanya wa neno. Hatukupatana bei, tusingesikiana. Tulisimama mlangoni tukitazama juu. Dunia ilikuwa kijivu yote, na ndani ya ukijivu ule niliyaona maji yakishuka njia ya ng'ombe, mekundu, yana haraka, yanakuja kwetu kama yalivyozoea. Yalifika mtaroni, kwenye fimbo ya mzee. Yakajaa pale, yakasitasita, yakajifanya yanaendelea na safari yake, kama mteja anayejifanya anaondoka ili umwite. Aayo hakuyaita. Alikuwa amepindua debe, amelikalia, anatazama mawingu.

Maji yakageuka.